Nani Kamficha Muhogo Mchungu?

Fungua kamusi yoyote nene ya Kiswahili, herufi C, utafute neno chale. Iache ile ya kuchanjwa kwenye ngozi. Ipo nyingine: chale, mtu anayechekesha watu kwa maneno au kwa vitendo. Wengi wanalihusisha neno hilo na jina la Charlie, yaani Charlie Chaplin, yule Mwingereza wa kofia ya duara, suruali pana na fimbo ya kuzungusha.

Bwana huyo alizaliwa London mwaka 1889, akalala kwenye nyumba ya maskini akiwa mtoto, akapanda jukwaani kabla hajaota ndevu. Alivuka bahari na kundi la maigizo, na kuanzia 1914 akawa nyota wa sinema bubu. Hakusema neno hata moja, dunia nzima ikamwelewa. Leo anaishi ndani ya lugha yetu bila kibali cha uhamiaji wala kodi ya nyumba.

Simwonei wivu. Kazi aliifanya. Kinyongo changu ni kwetu sisi, vijana wenzangu, maana tumempa Mwingereza chumba ndani ya kamusi, huku mwigizaji wetu wa enzi za mwanzo kabisa tumemfungia stoo na ufunguo tumeutupa.

Juzijuzi nilifanya mtihani mdogo kijiweni kwetu, huku Temeke. Niliuliza: nyota gani wa sinema wa nchi hii alianza kabla ya wote mnaowajua? Wa kwanza akasema Kanumba. Wa pili, anayejifanya anajua historia, akasema yale makundi ya maigizo ya kwenye runinga, ya mwishoni mwa miaka ya 1990. Wa tatu akasema Bongo Muvi imeanza na "Girlfriend" ya mwaka 2003, kabla ya hapo palikuwa giza. Nikawaambia: Rashidi Mfaume Kawawa. Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mmoja akaniuliza, "Kawawa yupi, wa barabara?"

Naam, wa barabara. Kawawa Road, ile inayopita Kinondoni na Magomeni, ambayo daladala zinaipita kutwa. Simba wa Vita. Waziri Mkuu wa Tanganyika kuanzia Januari 1962, alipokabidhiwa kiti na Mwalimu Nyerere. Mtu huyohuyo, miaka kumi kabla, alikuwa mcheza sinema. Mwaka 1952 alikuwa mchezaji mkuu katika filamu ya Kiswahili iitwayo "Muhogo Mchungu". Alionekana pia katika "Chalo Amerudi". Watu walikaa mbele ya kitambaa cheupe wakamtazama yeye, si Mwingereza aliyejipaka masizi usoni, ni kijana wa Songea aliyesoma Tabora, akisema Kiswahili chao.

Nilimaliza kidato cha nne. Daftari langu la historia bado ninalo. Kawawa yumo: chama cha wafanyakazi, TANU, uwaziri mkuu, Makamu wa Rais. Neno sinema halimo. Nimesoma na maandishi mengine yanayomhusu, na pale sinema inapotajwa hutajwa mstari mmoja, kwa haraka, kama mtu anayetaja ugonjwa wa utotoni. Alicheza filamu, nukta, kisha akaingia kwenye mambo ya maana.

Hapo ndipo ninapogomea.

Kwanza tuirudishe hadithi kwenye mizizi yake, maana sinema haikuingia kwetu na kanda za Kariakoo. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walikuja na mpango wao wa majaribio ya sinema za mafunzo kwa Waafrika. Kambi yao waliiweka Vugiri, kule milimani upande wa Korogwe. Pesa nyingi zilitoka kwenye mfuko wa Carnegie wa New York. Walitengeneza filamu 35 hivi. Zilikuwa bubu zenyewe, na maneno yaliwekwa pembeni, kwenye santuri, ili kila penye lugha yake pawekewe santuri yake. Kisha zikapakiwa kwenye lori pamoja na mashine, zikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Tafakari jambo hilo, wewe uliyekulia kwenye kibanda cha video. Picha iko pale, maneno yanatoka kwingine, kwa sauti ya mtu anayekueleza unachokiona. Tofauti yake na mkanda wa Kichina uliotafsiriwa na marehemu Lufufu iko wapi? Sisi tulidhani tumebuni jambo pale Manzese na Mbagala. Wazee wetu walishaketi mbele yake miaka sitini kabla.

Mojawapo ya filamu hizo ilihusu benki ya akiba ya posta. Mtu mmoja anaficha mshahara wake ardhini, mwizi anauchimbua. Mwenzake anaupeleka posta, anastarehe. Hadithi ndiyo hiyo. Nyingine zilihusu safura, kodi, chai na kilimo. Waliocheza walikuwa watu wetu: kuna aliyecheza mwizi, kuna aliyecheza mjinga, kuna aliyecheza mwerevu. Nani kati yetu anaweza kumtaja hata mmoja kwa jina? Meja Notcutt aliyeongoza kazi ile anatajwa, na kitabu cha ripoti alichoandika na mwenzake Latham mwaka 1937 kipo. Mwizi wa Vugiri hana jina. Aliiba pesa mbele ya macho ya nchi tano, akaondoka zake, nasi hatujui alizikwa wapi.

Kawawa alirithi kazi ya watu hao. Alipotoka Tabora aliajiriwa serikalini kama karani, kisha akaingia kwenye mambo ya ustawi na maendeleo ya jamii, huko ndiko sinema ilikomkuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa imeingia mkataba na kampuni ya Johannesburg ije kupiga filamu za Kiswahili. Muangalie vizuri mpishi wa chungu hiki. Johannesburg, tena baada ya 1948, makaburu wakiwa wameshashika nchi. Kule walikuwa wametoka kutengeneza "Jim Comes to Jo'burg" ya mwaka 1949, mtu wa shamba anakuja mjini na mji unamla. "Muhogo Mchungu" nayo ni mtu wa shamba anayekuja Dar es Salaam, na wajanja wa mjini wanamfanya walivyomfanya.

Kwa nini hadithi ileile? Kwa sababu mkoloni aliogopa mji. Hakuogopa majumba yake ya Oyster Bay, aliogopa Kariakoo, Ilala na Temeke, vijana wanaotoka bara na kujazana hapa bila bwana wala chifu. Aliwaita wahuni. Aliwakamata, akawapakia, akawarudisha kwao. Lililoshindikana kwa polisi alijaribu kulifanya kwa sinema: cheka mshamba anavyoibiwa, kisha baki kwenu ulime.

Sasa sikilizeni utamu wa jambo hili, ambao hakuna kitabu cha shule kilichoniambia. Aliyeajiriwa kuigiza mshamba anayemezwa na mji hakuwa mshamba na hakumezwa. Alikuwa karani anayejua mji nje ndani. Alikuwa kiongozi wa chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Mwaka 1955 lilipoundwa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, Katibu Mkuu wake akawa yeye, akaacha kazi ya serikali. Walewale ambao filamu ilitaka warudi makwao, yeye aliwaambia wakae, wajiunge, wadai mshahara. Miaka sita tu baada ya hapo nchi ilikuwa huru. Mkoloni alilipa pesa yake kumfundisha mtu huyu kusimama mbele ya macho elfu bila kutetemeka, na mtu huyu akaondoka na ujuzi huo kwenda nao Mnazi Mmoja.

Mtaniambia nachumpa, kwamba uigizaji na uongozi ni vitu viwili. Haya, niambieni kiongozi wa wafanyakazi anahitaji nini. Sauti inayofika nyuma ya umati, bila shaka. Pia ajue lini akae kimya, na aweze kumfanya kuli wa bandarini aone kwamba anayezungumza pale mbele ni yeye kuli mwenyewe. Hayo hayafundishwi kwenye kitabu cha hesabu za karani. Mimi naamini, na hili ni langu, sikuazima kwa mtu, kwamba "Muhogo Mchungu" ilikuwa darasa lake moja kubwa kuliko mengi aliyokaa kwenye dawati.

Basi kwa nini tunaona aibu?

Sikilizeni lugha yetu wenyewe. Mtu akikudanganya deni lake mtaani unamwambiaje? "Acha usanii." Mbunge akilia machozi ya uongo jukwaani? "Hayo maigizo." Tumechukua majina ya kazi mbili za heshima tukayafanya matusi. Mkoloni aliita vijana wa mjini wahuni, nasi tukalidaka neno hilo tukawapa wacheza sinema, waimbaji, na sisi tunaoandika riwaya kwenye daftari la kaunta. Mjomba wangu akiniona na daftari langu usiku huuliza, "Bado uko kwenye uhuni wako?" Hanichukii, ndiye anayenipa chakula. Anasema anachokisikia kila mahali. Na mchapishaji mmoja wa hapa mjini alikaa na mswada wangu miezi kumi na moja, kisha akanirudishia na swali moja tu: kama ninaweza kumwandikia maswali na majibu ya mtihani wa kidato cha pili. Hata hakusema mswada ni mbaya. Angesema ni mbaya ningeshukuru, maana angekuwa ameusoma.

Simwachi hata Simba wa Vita mwenyewe. Wazee mtanisamehe. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya kamera alikaa kwenye viti vya juu vya nchi hii tangu 1962, na alikuwa Waziri Mkuu kwa mara nyingine kati ya 1972 na 1977. Katika miaka hiyo serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1960. Ikafanya nini hasa? Ikawa mgawaji wa filamu za watu: za Kihindi, za kaubói, za Bruce Lee. Filamu zetu za kuigiza, kama "Fimbo ya Mnyonge" ya miaka ya 1970 na "Arusi ya Mariamu" ya miaka ya 1980, unazihesabu kwa vidole na vidole vinabaki. Najua watanijibu: nchi ilikuwa maskini, kulikuwa na njaa, kulikuwa na vita ya Amin. Nakubali yote. Hata hivyo Guinea nayo ilikuwa maskini, ikapeleka kundi lake la ngoma duniani kote. Senegal haikuwa na mafuta, ikamtoa Sembène Ousmane. Umaskini hauelezi kila kitu. Kilichokosekana ni kuamini kwamba jambo lile lina uzito, na mtu pekee pale mezani ambaye mwili wake ulikuwa unajua uzito huo alikuwa ameshalivua vazi la Muhogo Mchungu.

Na ilipofika mwaka 1983 sheria ya Nguvu Kazi ikapita, vijana wa Dar wakaanza kukamatwa tena na kurudishwa shamba. Filamu ya mkoloni imebadilisha lugha ya serikali, hadithi ni ileile.

Tazameni sasa kilichowapata waliofuata, maana dharau haikai hewani, hushuka hadi kwenye mfuko wa mtu. King Majuto, Amri Athumani wa Tanga, alipanda jukwaani mwaka 1958 akiwa mtoto wa miaka kumi hivi. Alichekesha nchi hii kwa miaka sitini. Sitini! Chaplin mwenyewe angemvulia kofia. Alipougua, mwaka 2018, ndipo taifa likashtuka na kuanza kuulizana mikataba ya wasanii inasema nini, ikaundwa hadi kamati ya kuipitia, ya kwake ikiwemo. Agosti 8 mwaka huohuo akafariki pale Muhimbili. Miaka sitini ya kazi, mkataba unasomwa mwenyewe yuko kitandani.

Na Kanumba. Aprili 2012 nilikuwa mtoto mdogo, lakini siku ile naikumbuka kwa kelele zake: Leaders Club hapapitiki, watu wako juu ya miti, mwili wa kijana wa miaka 28 unapelekwa makaburi ya Kinondoni. Mitaa mizima ya huku Temeke ilihamia kule. Waliosema uigizaji si kitu siku ile walikosa pa kusimama. Lakini angalieni tunachofanya na mapenzi hayo: tunazika kwa maelfu, kisha kazi zenyewe tunaziacha zioze kwenye kanda na sidii zilizochubuka, na ukitaka filamu yake ya zamani yenye picha safi utazunguka Kariakoo yote jua likuishie.

Kawawa amezikwa Madale, Kinondoni hiyohiyo, kwenye shamba lake. Alifariki Desemba 31, 2009, hospitali ileile ya Muhimbili. Kwa hiyo manispaa moja ya wakati ule inawalaza wote wawili, aliyecheza filamu akiwa karani wa mkoloni na aliyezicheza akiwa nyota wa Sinza. Kati yao ni kama miaka hamsini ya sinema ya Kiswahili. Hakuna kijana ninayemfahamu aliyewahi kuwaweka kwenye sentensi moja.

Hili linatuhusu sisi wa gazeti hili kuliko linavyohusu wizara. Maana sisi ndio tunaojiita waandishi. Kila toleo naona hadithi za wenzangu: msichana wa Masaki, gari jeusi, bosi mwenye hila, mganga. Zimeandikwa kana kwamba Dar es Salaam ilizaliwa juzi, baada ya runinga. Hakuna anayeandika karani wa 1952 anayetoka ofisini saa tisa, anavaa kanzu iliyochakaa ili awe mshamba mbele ya Mzungu wa Johannesburg, kisha jioni anavua kanzu hiyo na kwenda kwenye kikao cha wafanyakazi. Hebu fikirini mtu huyo anajionaje njiani. Anapopita Kariakoo na watoto wanamkimbilia wakimwita kwa jina la yule mjinga wa kwenye picha, anageuka au hageuki? Riwaya nzima imelala pale barabarani, tunaikanyaga tukienda kununua kaseti za Wanaijeria.

Najua mtakachoniambia. "Filamu zenyewe hatuna, tuandike nini?" Sawa, hata mimi sijaitia machoni. Hakuna kibanda cha Temeke kilichowahi kunionyesha. Ndiyo maana nasema zitafutwe, na ziletwe. Kama kuna wanaodai mifupa ya mjusi wa Tendaguru aliyepelekwa Berlin, na mafuvu ya mababu yanadaiwa, nchi inashindwaje kudai hata nakala ya kivuli cha Waziri Mkuu wake akitembea na kuzungumza akiwa kijana? Mjusi yule hakusema Kiswahili. Huyu alisema. Zikipatikana, zisiishie kwenye kabati la ofisi lenye kofuli. Zionyeshwe Mwembe Yanga, usiku, kwenye kitambaa cheupe, bure, kama zilivyoonyeshwa mwanzo, na wazee wenye miaka tisini waitwe wakae mbele kwenye viti. Nataka kusikia watacheka wapi. Kama watacheka palepale mkoloni alipotaka wacheke, au mahali pengine kabisa.

Wakati tunasubiri hilo, wale wazee bado wapo, lakini hawatakaa kutusubiri. Mzee aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1952 sasa amepita tisini. Huku kwetu nimeshawapata wawili. Mmoja wa Keko anakumbuka gari la sinema lilivyoingia, anakumbuka taa, anakumbuka mbu, filamu yenyewe imemtoka. Wa pili, bibi wa Chang'ombe, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, kisha akasema nirudi Alhamisi maana ana mengi. Nitakwenda na daftari jipya. Mwenye mzee wake Magomeni, Ilala au Buguruni asikae naye tu akimpigia simu wajukuu wa Ulaya. Amwulize habari za Muhogo Mchungu, aandike kila neno kama lilivyotoka, hata yakigongana, alete hapa gazetini.